Kichwa Namba Saba

Hapa Kenya neno kinyozi lina maana mbili. Ni mtu anayenyoa, na pia ni kile chumba anachonyolea. Mtu akikwambia "kuna kinyozi mpya pale karibu na posho mill," humfikirii binadamu, unafikiria mlango wa mabati, kioo, spika na benchi la kungojea. Ukutani neno lenyewe huandikwa kwa herufi kubwa, KINYOZI, na kando ya neno kuna vichwa.

Umeviona. Vichwa vya wanaume vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, shingo zimeishia kabla ya kola, macho yakitazama barabara. Kimoja kinataka kuwa Mike Tyson, kingine Tupac, kingine ni mtu tu ambaye msanii alimkumbuka. Vingi vina namba. Zamani, kabla ya kila mtu kuja na picha kwenye simu, mteja aliketi akasema "nipige namba nne," na mazungumzo yakaishia hapo. Ukuta ulikuwa menyu na mkataba kwa pamoja, maana ukitoka pale hufanani na namba nne, una haki ya kuuliza maswali.

Nimekuwa nikivifikiria vichwa hivi kwa sababu ya kazi. Mimi huandika chochote kinacholipa: wasifu wa kampuni, risala za harusi, maelezo ya viatu vya watu wanaouza Instagram. Na kwa kuwa mtaani mtu mwenye laptop huhesabiwa kuwa fundi wa kila kitu kinachoonekana kwenye skrini, huwa pia naombwa logo. Mwaka uliopita kinyozi mmoja wa huku Kayole, jamaa aliyenizidi kama miaka kumi, aliniita nikiwa kwenye kiti chake, mashine ikiwa sikioni.

"Msanii, nataka unitengenezee logo. Ya kisasa. Hii ukuta naipaka grey, hivi vichwa vimekaa kishamba."

Nikamuuliza, "Mkubwa, zote?"

"Zote. Watu wa siku hizi wanataka executive."

Akanitumia mfano alioutoa mtandaoni: duara jeusi, mikasi miwili iliyopishana, masharubu yaliyokunjwa ncha, mlingoti wenye mistari ya nyekundu, nyeupe na buluu, na chini yake neno "Est." na mwaka. Bei tulikubaliana 1,500. Nilienda nyumbani nikaifungua ile picha, nikaitazama vizuri. Mikasi: huyu jamaa hana mikasi, anafanya kazi yote kwa mashine na wembe. Masharubu: sijawahi kuona mtu wa Kayole mwenye masharubu ya aina ile. Na ule mlingoti je, umefikaje huku?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kabisa, lakini tabia ya kufukua vitu haikubaki darasani. Nikafukua.

Mlingoti ule ni kumbukumbu ya damu. Ulaya ya kale mtu aliyekunyoa ndevu ndiye pia aliyekung'oa jino, akakukamua jipu, na akakutoa damu ulipougua, kwa kuwa waliamini ugonjwa ni damu kuzidi mwilini. Watawa na mapadri walikuwa wakifanya baadhi ya kazi hizo, lakini Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza mapadri na mashemasi kufanya upasuaji wa kuchoma na kukata. Wembe tayari ulikuwa mkononi mwa kinyozi, na kazi nyingi ya aina hiyo ikawa yake. Mgonjwa alipewa fimbo aishike kwa nguvu ili mishipa ya mkono isimame. Kazi ikiisha, fimbo ilitundikwa nje pamoja na vitambaa. Nyekundu ni damu, nyeupe ni bandeji. Buluu ilizoeleka zaidi Marekani, na wapo wanaosema ni mishipa, wapo wanaosema ni bendera tu.

Mwaka 1540 Uingereza ilipitisha sheria, chini ya Mfalme Henry VIII, iliyounganisha vinyozi na wapasuaji wa London katika chama kimoja, huku ikiwakataza kuingiliana kazi: mpasuaji asinyoe, na kinyozi asipasue, isipokuwa kung'oa meno. Waliishi katika ndoa hiyo isiyo na raha kwa miaka 205. Mwaka 1745 wapasuaji wakatoka, wakaenda zao kuwa madaktari wenye heshima. Kinyozi akabaki na mlingoti.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mlingoti huo haukuwa wa kinyozi yeyote. Ulikuwa wa vinyozi wote. Mji ukiwa na vinyozi ishirini, milingoti ni ishirini na inafanana, kama vile mipira mitatu ya dhahabu ilivyokuwa alama ya kila mtu anayekopesha pesa kwa rehani. Alama ilimwambia mgeni asiyejua kusoma kwamba hapa kazi fulani inafanyika. Nani anaifanya, na kama anaifanya vizuri, hayo ungeyajua ukiingia au ukiuliza jirani.

Waliojaribu kujitofautisha walitumia ukubwa. Vibao vya London vilikua vikaning'inia juu ya barabara kwa vyuma vizito, kila mwenye duka akitaka chake kimzidi cha jirani. Mwaka 1718 kimoja kilianguka katika Bride Lane kikaivuta na sehemu ya ukuta, watu wanne wakafa. Mwaka 1762 Westminster ikaamuru vibao vyote vya kuning'inia vishushwe, na nyumba zikaanza kupewa namba. Mwandishi yeyote wa Nairobi akisoma hayo hawezi kukosa kuwaza juu ya kanjo, lakini tutafika huko.

Pwani yetu nayo ilikuwa na jambo linalokaribiana na hilo. Tiba ya kuumika, yaani kufyonza damu kwa pembe iliyobanwa juu ya ngozi iliyochanjwa, ni ya zamani sana kwa Waswahili, na ni kazi inayohitaji wembe na mkono usiotetemeka. Pembe yenyewe inaitwa chuku. Na kupiga chuku, kama ujuavyo, ni pia kutia chumvi katika maneno, kukipa kitu ukubwa kisichokuwa nacho. Sijui neno bora zaidi kwa kazi ya kutangaza biashara.

Sasa logo. Logo ina ukoo mwingine kabisa, na ukoo huo ni wa bidhaa. Uingereza ilipitisha sheria ya kuandikisha alama za biashara mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama namba moja ilikuwa pembetatu nyekundu ya Bass, kampuni ya bia kutoka Burton upon Trent. Fikiria kwa nini bia ilikuwa na haraka hivyo. Chupa inatoka kiwandani, inapanda treni, inavuka bahari, inanywewa na mtu ambaye hatawahi kumwona aliyeipika. Katika mchoro maarufu wa Manet wa baa ya Folies-Bergère, wa mwaka 1882, chupa za Bass zimekaa kwenye kaunta huko Paris, pembetatu nyekundu zikionekana wazi. Pembetatu ile inasimama mahali pa uso wa mpishi.

Kinyozi uso wake upo. Umesimama juu yako, unanuka spiriti, unakuuliza Gor walicheza vipi. Yeye habebwi kwenye treni. Labda ndiyo sababu sheria ilimsahau kwa muda mrefu. Marekani iliruhusu alama za huduma kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1946. Uingereza ilingoja mpaka tarehe 1 Oktoba 1986. Hebu pima: tangu chupa ya bia ipate ulinzi hadi mtu anayeuza kazi ya mikono yake aupate, ni miaka 110. Sheria yetu ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ilikatwa kutoka kitambaa hicho hicho cha Kiingereza. Leo kinyozi wa Kayole anaweza kwenda KIPI akaandikisha nembo yake chini ya daraja la 44, ambamo huduma za usafi na urembo wa watu huwekwa. Mlingoti wenyewe hawezi kuumiliki peke yake, kwa kuwa kitu kilicho alama ya kazi nzima hakiwi mali ya mmoja.

Nilipofika hapo nilielewa kwa nini ile picha aliyonitumia ilikuwa ikinisumbua. Alikuwa ameomba kitu cha kumtofautisha, akaleta mfano uliojaa vitu vinavyowafananisha vinyozi wote wa dunia. Na alikuwa anataka kufuta ukuta ambao, kusema ukweli, hakuna mwingine kama huo Kayole.

Ukuta ule ulichorwa na mzee mmoja anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Nilimtafuta nikiwa na soda mbili. Nikamsalimu, shikamoo, akanicheka kwamba siku hizi vijana wa Nairobi shikamoo wanaisikia tu kwenye redio, kisha akaitikia. Alianza kuchora vibao mwishoni mwa miaka ya sabini. Bei yake ilikuwa kwa herufi. "Ndiyo unaona maduka ya zamani majina ni mafupi," akasema, nami sikujua kama ananitania. Kichwa kilikuwa na bei yake, na kichwa cha mtu maarufu kilizidi kidogo, kwa sababu mteja angekuja kulalamika kwamba hafanani.

Nikamuuliza kwa nini vibao vingi vya zamani vilikuwa vya mbao, si vya ukutani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hulowesha.

"Kijana, kanjo wakikuja unabeba ukuta?"

Historia nzima ya biashara ndogo ya Nairobi iko ndani ya swali hilo. Mji ulijengwa na wakoloni kwa wazo kwamba Mwafrika anakuja kufanya kazi ya mwajiri kisha arudi kwao, na anayejiajiri barabarani ni kero. Wazo hilo halikuondoka na bendera mwaka 1963. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ndiyo iliyolitangaza duniani jina la "sekta isiyo rasmi." Ripoti iliwaambia wakubwa kwamba watu hawa wanaobomolewa vibanda wanafanya kazi halali yenye faida kwa nchi, na kwamba usumbufu huo ukome. Bulldoza hazikusoma ripoti. Kwa hiyo kibao cha kinyozi kiliandikwa juu ya mbao nyepesi yenye tundu mbili na waya, kiweze kung'olewa kwa sekunde kumi na kutundikwa kesho mahali pengine. Jina halikuwa la jengo. Lilimfuata mtu na mkono wake.

Wapo wachoraji wa vibao waliovuka wakawa na jina. Joseph Bertiers, aliyezaliwa 1963, alianza kwa kuchorea baa na bucha vibao pembezoni mwa Nairobi kabla michoro yake ya vurugu na vichekesho kuanza kutundikwa kwenye kumbi za sanaa Marekani. Wengi hawakuvuka. Mzee wangu alihamia kwenye matatu kulipokuwa na pesa huko, mpaka mwaka 2004, kanuni za Michuki zilipotaka kila matatu iwe na mstari wa manjano na mapambo yakome. Aliniambia mwaka huo alichora mistari ya manjano mpaka akaichukia rangi hiyo. Uhuru Kenyatta aliporuhusu graffiti irudi, mwaka 2014, vijana wenye bunduki za rangi na kompyuta walikuwa wamechukua nafasi.

Halafu kuna pigo jingine ambalo hakulitaja yeye, nililiona mwenyewe nikirudi nyumbani. Tembea barabara yoyote ya mtaa uhesabu kuta. Kampuni ya simu imepaka duka zima rangi yake. Kampuni ya soda imepaka lingine, ya sabuni lingine. Rangi ni ya bure, na jina la mwenye duka hupewa nafasi kona ya juu, dogo, likiwa limeandikwa kwa mwandiko wa kampuni. Yaani ile pembetatu ya 1876, iliyobuniwa kwa chupa inayosafiri mbali na mwenyewe, imekuja kukaa juu ya mlango wa mtu ambaye hasafiri popote, yuko hapo hapo ndani na apron yake.

Kuta za kinyozi zimepona kwa kiasi, nadhani kwa sababu tayari zilikuwa zimejaa.

Basi nilirudi kwa jamaa na pendekezo. Nilimweleza kwanza upande wa kazi, maana hayo ya Laterano angeniona nimerukwa. Logo yako itaishi wapi? Itaishi kwenye kiduara kidogo cha WhatsApp, kisichozidi ukucha. Itaishi kwenye stika ya Lipa na M-Pesa pale kwenye kioo. Labda kwenye fulana mbili, na kwenye shuka lile unalotufunga shingoni. Mikasi, masharubu, mlingoti na maandishi yote kwenye ukucha yanakuwa doa. Unahitaji umbo moja, rangi moja, linalosomeka hata likichapishwa vibaya River Road na printa inayokaribia kuishiwa wino.

"Umbo gani sasa?"

"Namba saba."

Akanyamaza. Kichwa namba saba kwenye ukuta wake ni kijana mwenye boksi la juu na mstari wa pembeni, kidevu kimeinuka, jicho moja kubwa kuliko jingine kidogo. Si mtu maarufu. Mzee aliniambia alimchora mpwa wake. Watoto wa shule mtaani kwetu husema "niko namba saba" wakimaanisha wamependeza, na wengi wao hawajui msemo ulikotoka. Miaka yote hiyo huyu jamaa alikuwa na nembo ambayo mtaa mzima unaijua, yeye anaita ushamba.

Hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki iliyofuata, baada ya mkewe, anayesuka nywele chumba cha pili, kumwambia kwamba hata yeye wateja humwelekeza kwa kusema "kwa vichwa." Ikabaki shida ya mzee. Ningeweza kupiga picha ukuta, nikaingiza kwenye programu, nikachora juu yake, dakika arobaini, kazi imekwisha. Lakini mkono ni wa mzee na uso ni wa ndugu yake. Nikamwambia jamaa sitaigusa bila ruhusa. Akasema sawa, lakini hapo hakuna pesa ya ziada, hiyo 1,500 mtajua wenyewe.

Tulijua wenyewe. Mzee alikataa niufuate mchoro wa zamani. Alisema wakati ule brashi yake ilikuwa imechoka. Akaagiza karatasi nzito na wino mweusi, akamchora mpwa upya kwa mistari kumi na moja. Nilihesabu. Mimi ningetumia sitini. Nikapiga picha, nikasafisha kingo, nikapunguza mpaka ukubwa wa ukucha ili nione kama inashika. Ikashika, hata jicho kubwa lilionekana. Mzee alichukua 800, mimi 700, na sioni kama nilipunjwa.

Kuhusu mwaka wa "tangu" kulikuwa na mjadala. Chumba alikifungua 2019. Yeye alitaka 2011, mwaka alioanza kunyoa majirani chini ya mwembe huko kwao kwa mashine ya kuazima, akipokea mayai. Nilimwambia kampuni huhesabu kuanzia siku ya kufungua. Akaniuliza: hiyo 2019 kwani nilijifunza kunyoa lini, siku ya kulipa deposit? Tukaandika 2011.

Ukuta haukupakwa grey. Upande wa kushoto ulikuwa umeanza kubanduka, na mzee anauguza mgongo, hapandi ngazi, kwa hiyo namba moja hadi tatu zimebaki nusu nusu. Halafu, mwezi mmoja baada ya kunilipa, jamaa alienda Luthuli akarudi na mlingoti. Wa plastiki, wenye taa ndani na mota, mistari inapanda bila kufika. Akaufunga mlangoni. Nilimuuliza kama anajua ule ni alama ya kutoa watu damu, akasema anachojua ni kwamba tangu auwashe kuna wateja wapya wa kutoka flati za barabarani ambao hawakuwa wanaingia, na hao anawanyoa kwa 200, sisi wengine bado ni 100.

"Kila mtu ako nayo," nikamwambia.

"Si ndiyo maana," akanijibu, akanigeuza kichwa upande wa kioo.